Kabla hujaandika kuwa TP53 ndiyo jeni kuu

Wadogo zangu, mwezi huu nimesoma rasimu tatu za uchambuzi wa mitandao ya jeni (michoro ya jeni zipi, kupitia protini zake, zinahusiana na zipi), magonjwa matatu tofauti, na zote zinatangaza kitovu kimoja, yaani jeni yenye miunganiko mingi kuliko zote: TP53, ile ya kuzuia saratani. Naomba tuongee.

1. Orodha ya jeni usiifungue kwa Excel kabla ya kuiambia kuwa safu ya majina ni maandishi. SEPT2 itageuka tarehe. Jeni hiyo siku hizi inaitwa SEPTIN2, lakini faili za zamani bado zipo.

2. Unapopima ni njia zipi za kazi za seli zimejaa kwenye orodha yako, usuli, yaani jeni unazolinganisha nazo, uwe zile zilizosomeka kwenye tishu yako, si zote takriban elfu 20 za binadamu zinazotengeneza protini. Ukipima ini dhidi ya jenomu nzima, utaletewa njia za ini hata kama ugonjwa haujagusa kitu.

3. Vitovu. Mradi wangu wa kwanza ulikuwa na jeni 212 zilizobadilika utendaji. Nilizipakia STRING, hifadhidata ya miunganiko ya protini, kizingiti cha uhakika wa muunganiko nikakiacha 0.4 kama nilivyokikuta, nikaongeza majirani (jeni za nje ya orodha zinazoungana nazo), nikapanga nodi, yaani kila jeni mchoroni, kwa wingi wa miunganiko. TP53 ikakaa juu, UBC ikafuata. Niliandika kurasa sita kuhusu TP53 na kuzitetea mbele ya watu, mpaka mama mmoja akauliza: “Imo kwenye zile 212?”

Haikuwamo. Ililetwa na majirani.

Usiku ule niliokota jeni 212 bila mpangilio, nikapita hatua zilezile. TP53 juu. Nikaokota nyingine, TP53 tena. Imechunguzwa mno, ndiyo maana imejaa miunganiko. Na ubikwitini, protini ndogo inayotokana na UBC, hubandikwa kwenye maelfu ya protini. Nilikuwa nimechora yale ambayo watafiti wamependa kuyasoma. Kilichoniuma ni kwamba kuna wagonjwa walikubali kukatwa vipande vya nyama ili tupate sampuli zile, nami sikuwa nimezisikiliza.

Nilirudia kwa orodha 1,000 za bahati nasibu, jeni zake zikilingana na zangu kwa wingi wa miunganiko, nikauliza kila nodi: unaguswa na jeni zangu kuliko na hizi? TP53 ilizama. Zikabaki jeni chache za kusafirisha mafuta ndani ya seli, ambazo kwenye kurasa zangu sita sikuzitaja hata mara moja.

4. Jaribu pia kizingiti cha 0.7, na kwenye STRING uzime ushahidi unaotokana na majina kutajwa pamoja kwenye machapisho.

Rasimu tatu nimezirudisha. Zikija tena, nataka kuona orodha za bahati nasibu kabla ya picha ya mtandao.