Kabla hujamtawaza mfalme, uliza anakunywa maji ya wapi

Ramani yangu ya kwanza ya Himaya ya Matumbawe niliichora ndani ya jalada la kaunta buku, mwaka niliomaliza kidato cha nne. Ilikuwa na milima saba, mito iliyokatizana kama barabara za Kariakoo, na mji mkuu, Nyaumbe, juu kabisa ya uwanda, maporomoko ya maji yakimwagika pande zote nne. Nilijiona nimeumba dunia. Jioni moja mama jirani, mzaliwa wa Newala, alikuja kwetu hapa Mtwara kuazima kinu, akaliona daftari mkekani, akaliinua. Akalitazama sana. Kisha akauliza, "Mwanangu, haya maji yanapandaje huku juu?"

Nikamwambia ni hadithi tu, mama, kuna uchawi.

"Haya," akasema, "na huyo mchawi siku akiugua?"

Tangu siku hiyo nimeandika riwaya mbili ndani ya himaya ileile, na ya tatu naihangaikia sasa. Vijana wanaotaka kuandika hadithi za dola za kubuni huniuliza waanzie wapi, na wengi huja tayari na orodha ya wafalme kumi na wawili na upanga wenye jina. Mimi nawarudisha kwenye swali la yule mama. Anza na maji. Ukishajua maji yako wapi na nani anayabeba, nusu ya siasa ya dola yako umeshaipata bila kuitafuta.

Aliyefika Newala anaelewa. Mvua kwenye uwanda wa Makonde inanyesha, lakini udongo wa kichanga unaimeza. Maji yanazama mpaka chini, yanakuja kutokea kwenye chemchemi za mabondeni, miguuni pa uwanda. Watu na mashamba juu, maji chini. Yule mama alipokuwa msichana aliamka jogoo la kwanza, akateremka na wenzake, akapanda na ndoo kichwani jua limeshakuwa kali. "Ikikudondoka karibu na kufika," alisema, "unakaa unalia kwanza, ndiyo unarudi."

Usiku ule nikapiga hesabu. Nyaumbe niliupa wakazi 40,000, kwa sababu ilikuwa tarakimu nzuri. Kila mmoja ukimpa lita kumi tu kwa siku, za kunywa, kupika na kunawa uso, ni lita 400,000. Ndoo 20,000 za lita ishirini. Wabebaji 10,000, kila mmoja apande mteremko mara mbili, kila siku iendayo kwa Mungu, na hapo ng'ombe wa mfalme hawajanywa.

Mji wangu wote ukageuka. Nani anabeba? Watumwa? Mabinti? Vijana wanaolipa kodi kwa ndoo? Na ule ukoo wa bondeni, ambao kwenye ramani ulikuwa nukta isiyo na jina, kumbe ndio wenye serikali. Mfalme ana kiti, wao wana kata (ya kuchotea, si ya diwani). Uasi wa kwanza katika riwaya yangu haukuhitaji mapanga: watu wa bondeni waliangusha mti mmoja mkubwa kwenye njia ya mteremko, wakakaa kivulini kusubiri. Siku ya nne wajumbe wa mfalme walishuka wenyewe, midomo imekauka. Sura hiyo ndiyo wasomaji wanaikumbuka kuliko vita vyote nilivyoviandika.

Vita navyo vilinipa aibu. Mjomba wangu ni nahodha, yuko baharini Mikindani tangu utotoni. Nilimsomea sura ya askari 1,000 wanaotoka pwani kwenda kuadhibu jimbo la mbali, nikisubiri asifu. Akanikatiza.

"Wanakula nini, mjomba?"

"Wamebeba chakula, mjomba."

"Kabeba nani?"

Tukaingia kwenye hesabu tena, safari hii kwa mkaa juu ya kipande cha ubao. Zamani za misafara, mzigo wa mpagazi wa huku kwetu ulikuwa kama kilo 30, na msafara wenye mizigo ulitembea kama kilomita 20 kwa siku njema. Askari mpe kilo moja ya nafaka kwa siku. Mpagazi naye kilo moja, maana hali upepo. Kila askari awe na mpagazi wake: mzigo mmoja unalisha matumbo mawili kwa siku 15. Hapo mmefika kilomita 300, gunia tupu, na wa kurudi nyumbani hana hata punje. Ukitaka warudi wakiwa hai, wageuke kwenye kilomita ya 150. Ukiongeza wapagazi, umeongeza matumbo.

Basi mpaka wa himaya yako uko pale gunia linapokwisha, hata kama kwenye karatasi umechora mstari mbele zaidi. Kuvuka hapo jeshi litaishi kwa kupora, na vijiji vitalichukia. Au litaishi kwa ghala zilizojazwa mapema, na mtunza ghala atakuwa mtu mzito kuliko jemadari. Au litakula kwa hisani ya mtawala wa kule, na huyo hutamwita tena raia wako, labda jirani. Mwaka 1890 Machemba, mtawala wa Wayao huku Kusini, aliwajibu Wajerumani kwa barua ya Kiswahili: kama ni urafiki hakatai, ila kuwa raia wao, hapana. Aliwasumbua miaka hadi 1899, ndipo akavuka Ruvuma. Mtu wa namna hiyo usimfanye "mwasi" tu wa kukatwa kichwa sura ya tatu. Mpe karani, mpe karatasi, mwache ajadiliane. Yeye anajua gunia lenu linaishia wapi.

Amri nazo hutembea kwa miguu hiyohiyo. Dar es Salaam hadi Mtwara ni kama kilomita 560. Kwa mwendo wa msafara ni siku 28 kwenda tu. Barua na jibu lake, karibu miezi miwili. Mei 2024, mvua na Kimbunga Hidaya vilipokata barabara upande wa Kilwa, mimi nilikuwa Dar, begi limefungwa, nasubiri. Tuna simu, tuna ndege, na bado siku zile Kusini ilijiona iko peke yake. Wazee wana kumbukumbu nzito zaidi: kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Rufiji ilivukwa kwa pantoni pale Ndundu, na masika yakikaza, umekwama. Kwa hiyo liwali wa jimbo lako la mbali huamua kwanza, halafu ndiyo anaandika kuomba ruhusa. Nilipolielewa hili niliacha kuandika zile sura ambazo mfalme anajua kila kitu asubuhi ileile. Siku hizi mfalme wangu anasherehekea ushindi wa jeshi ambalo lilishashindwa wiki tano zilizopita.

Kama dola yako ina bahari, mweke msomaji pembeni kwanza, nenda kakae na watu wa vyombo. Sisi wa pwani tumezaliwa ndani ya darasa hilo na tunalipuuza. Kaskazi huvuma tangu Desemba hivi hadi Machi, vyombo vya Uarabuni na Bara Hindi vikaja nayo. Kusi ikishika, kuanzia Aprili, vikarudi. Kilwa ilikuwa karibu na ukingo wa safari ambayo chombo kiliweza kuja na kuwahi kurudi katika mwaka mmoja. Dhahabu ilikuwa Sofala, kusini zaidi, Msumbiji ya leo. Wa kutoka mbali hakutaka kwenda Sofala, angekosa upepo wa kurudi. Mtu wa Kilwa alikwenda, akairudisha, akaiuza mlangoni kwake, akatoza ushuru. Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 aliukuta mji wa fahari, na magofu ya Husuni Kubwa bado yapo Kilwa Kisiwani ukitaka kuyagusa kwa mkono. Mji ule ulineemeka kwa sababu ya mahali ulipokaa kwenye kalenda ya pepo. Mwaka 1505 Wareno walikuja na mizinga, nao hawakuhitaji kuelezwa bandari ile ina maana gani.

Kwenye Matumbawe nimeiba wazo hilo waziwazi. Kodi inaingia na upepo mmoja, jeshi linatoka na mwingine, na waasi wote wenye akili hungoja tanga mbili, wiki zile upepo haujaamua, hakuna chombo cha kwenda wala cha kurudi. Mjomba alipenda hapo. Alinisahihisha majina matatu ya tanga na fundo moja, lakini alipenda.

Majina ya miji, bendera, lugha za kubuni: usipoteze mwezi huko. Utapata tu.

Urithi wa kiti, hapo poteza mwezi. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na mwana wa mfalme, mrithi halali, na baba mdogo mwovu anayekitaka kiti. Mhariri mmoja aliisifu. Bibi yangu, ambaye ni Mmwera, aliisikiliza sura moja, akashangaa: "Huyo mtoto anarithi kwa lipi, na dada za mfalme wana watoto?" Kwa Wamwera, Wamakonde, Wayao na Wamakua, ukoo kwa desturi ulipita kwa mama, mwenye haki kwa mjomba ni mpwa. Sote tumekua tukisikia hayo nyumbani, na bado nilipoketi kuandika "mfalme" kalamu ilinipeleka kwenye majumba ya Ulaya ambayo sijawahi kuyaona.

Nikapindua. Mfalme wa Matumbawe sasa anarithiwa na mtoto wa dada yake. Angalia kinachotokea. Watoto wake wa kuzaa wanamwombea uhai, kwa sababu akifa wao si kitu. Hao ndio walinzi wake waaminifu na majemadari wake. Wapwa ndio wanaomhesabia miaka. Ndoa ya dada wa mfalme inakuwa jambo la baraza zima, na mume wa dada huyo, ambaye kwenye hadithi nyingi hana hata jina, anakuwa mtu wa kuviziwa. Mama wa mrithi anakaa ikulu miaka arobaini bila cheo, na kila mtu anamwamkia kwa adabu ya ziada. Sikubuni fitina hata moja. Zote zilitoka kwenye swali la bibi.

Jambo jingine ambalo waandishi wengi wanaliruka: mkulima wa himaya yako hamwoni mfalme. Anamwona nani? Umatumbini, nyuma ya Kilwa, mwaka 1905, dola ya Kijerumani kwa mtu wa kijijini ilikuwa akida, yaani ofisa wa eneo aliyewekwa na Wajerumani, na shamba la pamba la kulazimishwa. Julai mwaka huo watu wa Nandete waling'oa miche ya pamba, na vita ya Majimaji ikaanzia hapo, ikasambaa kwa makabila ambayo hayakuwa na mfalme mmoja wala lugha moja. Kaiza, mfalme wa Wajerumani, alikuwa mbali sana. Mti wa pamba ulikuwa pale, mbele ya nyumba. Tafuta mti wa pamba wa himaya yako. Kitu kimoja kidogo, kinachoshikika, ambacho watu wamechoka nacho.

Na usiisahau hongo. Siku hizi neno lina harufu mbaya, lakini zamani za misafara hongo ilikuwa ushuru wa njia, uliolipwa wazi kwa mtawala wa eneo ili mpite: vitambaa, shanga, waya. Ilijadiliwa siku nzima, wakati mwingine siku mbili, na msafara unakula chakula chake huku unangoja. Ramani yenye vituo vya hongo inasema siasa kuliko ramani yenye rangi.

Mwisho, ipe dola yako miradi iliyoshindwa. Hapa kwetu baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza waliamua kulima karanga kwa mashine. Nachingwea ikafyekwa, bandari ya Mtwara ikajengwa, reli ikatandazwa kutoka pwani kuingia bara. Mwaka 1951 mpango ulishaachwa, na baadaye reli yenyewe iling'olewa. Bandari ikabaki, inasafirisha korosho, zao ambalo halikuwa kwenye mpango ule. Himaya isiyo na tuta la reli isiyokuwepo inanukia rangi mbichi. Nyaumbe una mfereji wa mawe wa mfalme wa tatu, haujawahi kupitisha tone, na mbuzi wanalala humo.

Ukikwama kabisa, achana na ramani. Chukua muuza chumvi mmoja kutoka mashamba ya chumvi ya pwani yako, mtwike kilo 30, mpeleke mji mkuu kwa miguu. Kila usiku andika amelala wapi, maji kapata kwa nani, nani kamtoza na kwa jina la nani. Wangu anaitwa Chitope. Yuko usiku wa tisa, amebakiwa na kilo kumi na nne, na mbele yake kuna mto ambao mjomba anasema mwezi huu hauvukiki. Nimebishana naye wiki nzima. Naona itabidi Chitope asubiri.