Sokoke wangu anachuchumia akitembea, ni maumbile au ni mifupa?

SWALI: Habari daktari. Niko Limuru, mdogo wangu aliniletea kitoto cha paka kutoka Watamu akaniambia huyu ni paka wa aina ya Sokoke kamili, jike, sasa ana miezi 9 na ana kilo 2 na robo. Shida ni miguu ya nyuma, anatembea kiuno kimeinuka kama anachuchumia. Jirani anasema ni matege, nimnunulie vidonge vya kalsiamu na mafuta ya ini la samaki. Na ni mdogo sana, paka wa huyo jirani wa umri huohuo ni kama mara mbili yake. Kula anakula vizuri, kila siku namchemshia steki na maini, mifupa simpi isije ikamkaba. Zamani alikuwa anarukia kabati la jikoni, siku hizi anakaa chini analia mpaka nimbebe. Baridi ya huku nayo inamtetemesha. Nifanye nini?

JIBU: Dada yangu, asante kwa kueleza kila kitu, maana jibu lenyewe liko kwenye mambo mawili uliyoyataja kwa kupita tu, steki na kabati.

Kwanza miguu. Sokoke ana miguu ya nyuma mirefu kuliko ya mbele, kwa hiyo kiuno kinakaa juu na hatua zake ni za kuchuchumia, ndo alivyo. Na udogo pia usikutishe peke yake, paka hawa wanakua polepole, wengine mpaka karibu miaka 2 ndo unaona amekomaa, na hata akikomaa ni mwembamba, mwenye misuli, si paka wa kunenepa akajaa kiti. Kumpima na paka wa jirani haitakusaidia, mpime na yeye mwenyewe, mwezi huu na mwezi uliopita.

Kama ni Sokoke kweli au la, angalia manyoya kwenye mwanga wa dirisha. Mabaka ya mbavuni yawe makubwa ya kuzunguka, alafu ndani ya yale mabaka meusi uone nywele zenye rangi mbilimbili, zile ndo zinamfanya afanane na gome la mti, na Wagiriama wanamwita khadzonzo kwa sababu hiyo. Ni paka wa huku kwetu, msitu wa Arabuko-Sokoke kati ya Kilifi na Malindi. Mwaka 1978 Jeni Slater alikuta vitoto kwenye shamba lake la minazi akawalea, mwaka 1984 Gloria Moeldrup akawapeleka wengine Denmark, na mwaka 1993 shirikisho la paka la FIFe likawatambua rasmi. Watu wanasema ni chotara wa paka-mwitu, si kweli, vipimo vya jeni vinamweka karibu na paka wa mitaa ya Lamu. Lakini hata wako akiwa hana karatasi yoyote matunzo ni yaleyale.

Sasa kabati. Sokoke ni paka wa kupanda, anaishi juu ya vitu, na akishakuzoea anakufuata chumba kwa chumba akiongea na wewe. Paka kama huyo wa miezi 9 akiacha kuruka na kuanza kuomba kubebwa, hayo si maumbile, hayo ni maumivu mpaka tuhakikishe vingine. Kwa hiyo jirani yako hajakosea kabisa, kaona kitu, ila dawa aliyokwambia ndo siyo.

Steki haina kalsiamu ya maana. Ina fosforasi nyingi sana, kama mara 15 mpaka 20 ya kalsiamu yake, na maini yamezidi hapo, wakati kitoto cha paka anahitaji viwili hivyo vikaribiane. Damu haiwezi kukaa bila kalsiamu, kwa hiyo mwili unatoa homoni inayoichota kwenye mifupa, kila siku kidogokidogo, paka anakula anashiba macho yanang'aa na huku mifupa inakwisha. Nimewahi kuletewa kitoto kwenye kikapu, amelishwa nyama tupu tangu aache kunyonya, kaanguka kutoka kwenye kochi tu. Kwenye eksrei mfupa wa paja ulikuwa umefifia karibu sawa na nyama iliyouzunguka, na umevunjika mahali pawili. Mwenyewe alilia sana, alikuwa anamnunulia nyama nzuri kuliko ya watoto wake. Yule alipona, alichukua miezi lakini alipona.

Kwa hiyo wiki hii mpeleke kwa daktari wa wanyama apigwe eksrei ya mgongo na miguu ya nyuma, na umwambie chakula anachokula, usisahau hilo, maana bila hilo anaweza kufikiri kaanguka tu. Usimbonyezebonyeze mgongo nyumbani kumjaribu. Mpaka siku hiyo mweke kwenye kizimba au kiboksi kikubwa asiruke, na akikaa siku 2 bila kupata choo usingoje, kwa sababu nyonga ikilegea inabana njia.

Chakula anza kubadilisha leo, kile cha vitoto vya paka kilichoandikwa kwenye paketi kuwa ni kamili, changanya kidogo na steki alafu uongeze ndani ya siku 7 mpaka 10 steki iishe. Cha mbwa hapana, paka anahitaji kirutubisho kinachoitwa taurini na humo hakimtoshi, moyo na macho vinaharibika. Kalsiamu ya vidonge usimpe kwa kukisia, chakula kamili kinayo tayari. Mafuta ya ini la samaki ndo kabisa usiguse, ameshakula maini ya kutosha na vitamini A ikizidi inamgandisha viungo vya shingo. Na akionekana anaumwa usimpe panadoli hata robo, inaua paka.

Baridi: manyoya yake ni mafupi na yale laini ya ndani karibu hana, ni paka wa joto la pwani na wewe uko zaidi ya mita 2,000 juu. Mpe boksi la katoni lililoinuliwa kutoka sakafuni, blanketi la sufu, na usiku chupa ya maji moto iliyofungwa taulo. Jiko la makaa usimwachie chumba kimefungwa, yeye wala wewe.

Eksrei ikitoka niandikie walichokiona na uzito wake wa siku hiyo. Kama ni mifupa, habari ya kupanda kabati tutaiongea baada ya eksrei ya pili, si kabla, hata akionekana amechangamka.