Mwaliko haukumbatiwi

Mwanangu Salma,

Ujumbe wako nimeupata, na nimecheka kabla ya kukuonea huruma. Ulimwandikia bosi wako huko Leeds "I embrace your invitation", wenzako ofisini wakaangua kicheko, nawe waniuliza: ikiwa kamusi inasema "embrace" ni kukumbatia na pia kupokea jambo, kosa liko wapi?

Kosa ni la jirani, yaani neno linaloandamana nalo, si la neno lenyewe. Sisi twapiga simu, twapiga pasi, twapiga mswaki, na hakuna anayeumia. Mgeni akikwambia "nitafanya simu" utamwelewa, ila kicheko kitakutoka. Kiingereza nacho kina ndoa zake. Mwaliko, lawama, ombi la msamaha, hata rushwa, vyote huolewa na "accept", kukubali. "Embrace" hutaka makubwa ya kuishi nayo: mabadiliko, wazo, utamaduni, dini. "Embrace Islam" kwetu ni kusilimu, neno moja, yamekwisha.

Tena mtu aweza "reluctantly accept", akapokea huku amenuna. "Embrace" haizoei kununa. Asili yake, kupitia Kifaransa, ni neno la Kilatini la mkono, ndiyo maana hufuatana na "warmly" (kwa uchangamfu) au "wholeheartedly" (kwa moyo wote). Nani akakumbatia huku amefunga mikono kifuani?

Hatari zaidi ni kutafsiri ya kwetu. Magazeti yakiandika kwamba kiongozi fulani anakumbatia mafisadi, hayasemi anawapenda, yasema anawalinda. Hapo andika "shield", "embrace" iache.

"Hug", kumbatio la mwili, ni rahisi, hiyo hutolewa: "give me a hug". Ya kubana ni "tight", na ya kuvunja mbavu wameikopa kwa dubu, "bear hug". Ila kuna moja inanifurahisha hata baada ya miaka 31 ya kufundisha. Chombo kikienda kandokando ya nchi kavu, Mwingereza husema "it hugs the coast". Babu yako angesema jahazi laambaa pwani, na kuambaa ni kupita karibu bila kugusa! Bahari ile ile, wao wakumbatia, sisi twauchunga mwamba.

Mwandikie bosi "I gladly accept your invitation". Na ukishakubali, nenda. Harusi ya binamu yako pia ulikubali, tukakuwekea sahani ya pilau mpaka ikapoa.

Mama yako,
Tanga