Darubini ya bunduki ya kuzungusha kila wiki: angalia tareti kwanza, lenzi baadaye

Wakuu, kama bunduki yako inatoka kabatini mara chache kwa mwaka na shabaha yako haivuki mita 100, darubini yoyote ya heshima itakutosha, iwekee ziro (yani irekebishe mpaka risasi itue pale unapolenga), funga vifuniko vya tareti, usiviguse tena. Haya ninayoandika ni ya mtu anayepiga shabaha kila wiki, leo mita 200 kesho 600, na kila umbali ukibadilika mkono unapanda juu ya darubini kuzungusha tareti, yani ile nobu ya juu ya kupandisha na kushusha na ile ya ubavuni ya upepo. Matumizi ya hivi yanaichosha darubini kwa namna tofauti kabisa na kubebwa tu begani porini.

Ukielewa kilichomo ndani ndo utajua pesa yako iende wapi. Ndani ya lile bomba kubwa kuna bomba jingine dogo lenye lenzi, upande mmoja linasukumwa na skrubu ya tareti, upande wa pili kuna springi inayolisukuma lirudi. Ukizungusha kliki moja ile skrubu inasogea unywele tu na bomba dogo linainama unywele tu, basi, mchezo mzima ni huo. Sasa hilo bomba dogo linapigwa teke kila risasi ikitoka, na skrubu inasagika kila ukizungusha, springi ikilegea au nyuzi za skrubu zikilika darubini bado itaonyesha picha nzuri sana, safi, lakini risasi haziendi ulikoagiza. Ndo maana darubini inaweza kuwa imeshakufa na mwenyewe hajui.

Mwenzangu mmoja wa renji, yani uwanja wa kupigia shabaha, alikuwa na darubini ya hivyo. Anazungusha kliki 5 juu, anapiga, risasi inatua palepale pa mwanzo, anapiga tena bila kugusa kitu, sasa ndo inapanda. Maana yake lile bomba dogo lilikuwa linakwama mpaka litikiswe na mshindo wa risasi. Akazoea kugonga tareti kwa kidole kila akizungusha. Nilimwambia wazi kwamba kifaa cha kugongwagongwa ndo kikubali agizo hakifai kwa kazi hii, na bado nasema hivyohivyo.

Kwa hiyo ukienda dukani usianze na zumu. Najua inavutia, 25x inasikika kubwa kuliko 15x, ila ukiwa na bajeti ileile kila kitu wanachoongeza kwenye zumu kuna mahali wamekipunguza, na mara nyingi wanapunguza ndani ambako huoni. Watu wengi wanaopiga mita 600 au 800 wakiwa wamelala chini wanakaa kati ya 12x na 18x tu, ukipandisha zaidi mvuke wa joto unaotoka ardhini unachezesha picha na uwanja wa kuona unakuwa mwembamba, ukipiga huoni hata risasi imetua wapi. Mimi nachagua zumu ndogo yenye tareti imara kuliko zumu kubwa yenye tareti ya mashaka, siku yoyote.

Hesabu kidogo ili uone kwa nini nang'ang'ania hili. Tareti zinapima kwa mil au kwa MOA, vyote ni vipimo vya pembe. Mil moja ni sentimita 10 kwenye mita 100, na kliki ya kawaida ni sehemu ya kumi ya hiyo, yani sentimita 1 kwenye mita 100. MOA moja ni kama sentimita 2.9 kwenye mita 100 na kliki yake ya kawaida ni robo, kama milimita 7. Risasi ya .308 yenye ziro ya mita 100 inahitaji zaidi ya mil 9 kufika mita 800, inategemea uzito wa risasi na kasi yake. Sasa chukua darubini inayodanganya asilimia 2 tu, umeagiza mil 9 imekupa 8.82, pale mita 800 hiyo ni sentimita 14 chini. Utalaumu upepo, utalaumu baruti, utalaumu pumzi zako, kumbe ni tareti. Mil au MOA vyote vinafanya kazi, cha lazima ni kwamba tareti na alama za msalaba ndani ya lenzi viongee lugha moja, zipo darubini zinauzwa msalaba uko kwa mil na tareti kwa MOA, hizo achana nazo maana kila marekebisho utakuwa unapiga hesabu ya kubadilisha huku saa inakwenda.

Namna ya kuipima. Tafuta karatasi ndefu au ubao unaozidi mita moja, chora mstari wima kwa kutumia timazi, sio kwa jicho. Weka alama chini, halafu kwa futikamba pima alama nyingine juu yake sentimita 100 kamili. Simamisha mita 100 kutoka kwenye darubini, na uzipime kweli, ukikosea ukaweka 98 majibu yako yote yameharibika. Piga risasi tatu nne ukilenga alama ya chini, zungusha juu mil 10, halafu piga tena ukiendelea kulenga ALAMA ILEILE ya chini. Kundi la pili litakuwa juu, pima katikati ya makundi mawili, inatakiwa iwe sentimita 100. Ukikuta 98 una kosa la asilimia 2, na kosa la hivyo likiwa halibadiliki unaweza kuishi nalo kwa kuliingiza kwenye programu ya mahesabu ya simu. Likiwa leo 98 kesho 101 hapo hakuna dawa. Angalia pia kundi la juu limekaa kwenye mstari wa timazi au limekimbilia pembeni, likikimbilia pembeni karibu sentimita 2 ujue msalaba wako umelala kama digrii moja, mara nyingi ni ufungaji, fungua ufunge upya kwa pima maji.

Kama unabania risasi, na wengi tunabania, kazi hii inafanyika bila kupiga hata moja. Bunduki iwe tupu, umeitazama chemba kwa macho na kidole, uibane kabisa kwenye kitu kisichotikisika, utazame msalaba unavyotembea kwenye ubao huku unazungusha. Hapa kumbuka msalaba utashuka ukizungusha juu, ni sawa, ndivyo inavyotakiwa. Nenda mil 10, rudi sifuri, nenda 10, rudi, fanya hivyo mpaka mkono uchoke na kila ukirudi msalaba ukae palepale kwenye alama. Kurudi sifuri ndo jambo kubwa kuliko yote. Ila kipimo hiki cha bila risasi hakikuonyeshi kitu kimoja, ugonjwa ule wa mwenzangu wa kukwama mpaka mshindo, kwa hiyo baadaye lazima upige.

Mkononi je? Shika tareti uzungushe polepole umefumba macho. Kila kliki inatakiwa uisikie kidoleni peke yake, isiteleze kupita mbili ukitaka moja, na ikishakaa kwenye kliki nobu isicheze kushoto kulia. Mstari wa namba uangukie sawasawa kwenye alama, sio kati ya mbili. Vaa glavu ujaribu tena kama mahali unapopiga kuna baridi. Sauti kubwa ya kliki watu wanaipenda lakini sauti haina maana yoyote, nimeshika tareti zinazolia vizuri sana na ndani ni ovyo.

Kuna kitu kinaitwa zero stop, ni kizuizi kinachofanya tareti igome kushuka chini ya ziro yako. Kwa mtu anayezungusha sana hii mimi naiona lazima, sio nyongeza. Tareti nyingi zinabeba mil 10 kwa mzunguko mmoja, ukipiga mbali halafu ukarudi karibu ukasahau mzunguko mmoja juu, risasi yako ya mita 100 itapita mita nzima juu ya shabaha, na kwenye renji zenye tuta fupi la kuzuia risasi hilo ni suala la usalama wa watu. Yenye kizuizi unarudisha kwa nguvu mpaka igome, hata gizani. Lock ya nobu ya upepo nayo naipenda maana hiyo ndo inayosuguana na begi na nguo ikajizungusha bila wewe kujua.

Bomba la 30 mm au 34 mm litakupa nafasi kubwa ya kuzungusha kuliko lile la inchi moja, ila soma namba ya jumla ya mzunguko iliyoandikwa na kampuni, usiamini unene peke yake. Darubini yenye mil 20 jumla ina kama 10 tu za kupanda kutoka katikati. Ukiifunga juu ya reli (kile kipande cha juu ya bunduki kinachobeba darubini) yenye mwinamo wa MOA 20 unapata karibu mil 6 zaidi, na faida nyingine ni kwamba hutafika kwenye ncha kabisa ya skrubu, maana kule mwisho springi inafanya kazi kwa taabu na nobu ya upepo nayo inabanwa kwa sababu ndani ni mviringo.

Msalaba uliochongwa kwenye kioo chenyewe ni imara kuliko wa waya. Ule unaokua pamoja na picha ukivuta zumu, alama zake ni sahihi kwenye zumu yoyote, kwa anayebadilisha umbali haraka ndo nashauri. Maji: ukikuta IPX7 maana yake imepimwa kuzamishwa mita 1 kwa dakika 30, na gesi ya nitrojeni au argoni ndani inazuia ukungu mradi oringi, zile pete za mpira za kuzibia, ziwe nzima. Taa ya msalaba ni nzuri jioni lakini isiwe sababu ya kununua.

Wenye bunduki za hewa za springi, nyie msikilize hapa. Hizo zinarusha teke pande mbili, kwanza nyuma, halafu pistoni ikigonga mwisho bunduki inaruka mbele, na darubini nyingi zimejengwa kuvumilia teke la nyuma tu. Ndo maana utasikia mtu darubini yake ilistahimili bunduki kubwa kabisa ikafia kwenye ya hewa. Nunua iliyoandikwa wazi kwamba inafaa bunduki za springi.

Pete (vile vibano vinavyolishika bomba la darubini) na reli tenga pesa yake mapema, usimalize yote kwenye darubini halafu ukaifunga kwa pete za mabaki. Ukibana kupita kiasi unaliminya bomba na lile dogo la ndani linaanza kukwama, ukilegeza darubini inateleza mbele kidogokidogo na wewe unahangaika na ziro kila wiki. Tumia spana ya kupimia nguvu, skrubu za juu za pete nyingi zinatajwa karibu nyutoni-mita 2, lakini namba ya kufuata ni ya karatasi ya pete zako na ya darubini, zikitofautiana fuata ndogo. Ukimaliza chora mstari mwembamba kwa kalamu ya rangi kutoka kwenye pete kwenda kwenye bomba, na mwingine kutoka kwenye kichwa cha skrubu kwenda kwenye pete. Kila ukifika renji tazama hiyo mistari kabla hujagusa tareti, ikiwa imeachana kaza kwanza, weka ziro upya, ndo uendelee.