Zamu ya usiku inanielemea, nifanyeje?

Pole, mdogo wangu. Unasema wodini mna wagonjwa 30, wauguzi wawili, na dawa za saa mbili unazimaliza saa nne: shida si mikono mizito, ni mpangilio.

Ripoti ya zamu ipokee kitanda kwa kitanda, si mezani. Angalia drip imebaki kiasi gani, na penye kanula (mrija mdogo wa kwenye mshipa) pamevimba au la. Kunja karatasi, kila safu saa moja, uandike kwanza vyenye muda wake: antibayotiki, insulini, anayeongezewa damu. Huyo wa damu usimwache dakika 15 za mwanzo. Akitetemeka, akiwashwa au akihema kwa shida, funga damu na umwite daktari papo hapo.

Drip usikadirie kwa macho. Lita 1 kwa saa 8, seti (mpira wa drip) ya matone 20 kwa mililita, ni 1000 × 20 ÷ 480 (dakika za saa 8), yaani matone 42 kwa dakika. Soma pakiti kwanza, maana seti hazifanani.

Saini chati ya dawa ukiwa bado kando ya kitanda cha mgonjwa. "Nitajaza baadaye" ndiyo inayofanya mgonjwa apewe dozi mbili. Ukizidiwa, mwambie kiongozi wa zamu mapema, na kwa hesabu: "Watatu wako kwenye oksijeni, mmoja presha inashuka."

Uchovu huleta kujichoma. Sindano usiirudishie kifuniko. Ukichomwa, osha kwa maji na sabuni, usikamue, toa taarifa saa hiyohiyo. Dawa za kinga ya VVU hazisubiri zaidi ya saa 72.

Usingizi ukikukimbia hata siku za mapumziko kwa wiki mbili, muone daktari.