Upasuaji ni wa tumbo, miguu inaingiaje?

SWALI: Daktari salamu sana. Mjomba wangu ana miaka 64, aota yake, ule mshipa mkubwa wa damu unaotoka moyoni, imevimba kuanzia kifuani mpaka tumboni. Tulimtoa huku Arua tukampeleka Kampala, wakasema afanyiwe upasuaji ila anaweza kuamka miguu imepooza. Sasa mgongo hawaugusi kabisa, miguu inaingiaje hapo? Shangazi anataka turudi naye nyumbani.
Msomaji, Arua

JIBU: Poleni sana ndugu yangu. Mwambie shangazi swali lenu linawasumbua hata wanafunzi wa udaktari.

Ndani ya uti wa mgongo kuna ugwe, yaani uzi mnene wa neva unaobeba amri za ubongo mpaka miguuni. Ugwe huo unalishwa na ateri 3 ndefu, yaani mishipa ya damu, zinazoshuka nao, 1 mbele na 2 nyuma, na ile ya mbele peke yake inalisha kama theluthi mbili. Sasa hiyo ya mbele damu yake ya kutoka shingoni ikifika huku chini inakuwa imepungua nguvu, kama maji ya bomba ya pale Ggaba, mtambo wa maji wa Kampala, yakitafuta nyumba ya juu kabisa kilimani, kwa hiyo lazima iongezewe njiani na matawi yanayotoka kwa aota yenyewe. Huku chini kuna tawi 1 kubwa linalobeba karibu mzigo wote, linaitwa ateri ya Adamkiewicz, jina la Mpolandi aliyelieleza mwaka 1882. Kwa watu wengi linaingilia kushoto, kati ya pingili ya 9 na ya 12 ya kifua, lakini wengine liko kulia, wengine limeshuka mpaka kiunoni, ndiyo maana wapasuaji wanapenda kulitafuta kwanza kwenye picha za CT.

Sasa unaona. Kurekebisha aota inabidi waibane, na tawi lile likiwa hapo hapo ugwe unakosa damu. Hata ile njia ya kupitisha stenti, yaani kibomba kinachowekwa ndani ya mshipa, bila kufungua tumbo haikuponyeshi na hatari hii, maana stenti inaweza kuziba mdomo wa tawi.

Hawakai tu wakiangalia lakini. Wanaweza kuyashona tena matawi kwenye mshipa mpya wa bandia wanaouweka mahali pa ule uliovimba, kutoa kidogo kidogo maji yanayozunguka ugwe ili presha yake isiizuie damu kupita, na kuhakikisha presha ya mgonjwa haishuki. Waulizeni ni yapi kati ya hayo wanaweza kumfanyia mjomba, na waulizeni pia uvimbe una upana gani, maana ukipasuka ukiwa nyumbani Arua hamtawahi kumfikisha Kampala akiwa hai, hilo shangazi alijue kabla hajafunga mizigo.

Kitu kingine, kupooza kunaweza kuchelewa, mtu anaamka vizuri anachezesha vidole halafu siku ya pili presha inashuka na miguu inalegea. Anayelala naye wodini amwambie achezeshe miguu kila mara, ikilegea hata kidogo aite nesi saa hiyo hiyo, usiku wa manane pia, asingoje daktari apite asubuhi.