Kabla ya kutafuta maana ya Beckett, hesabu hatua

Kama semesta hii mmepewa Samuel Beckett, yule mwandishi wa tamthilia kutoka Ireland, na si zile tamthilia zake ndefu zinazojulikana bali zile fupi fupi za uzeeni, tafadhali usikimbilie intaneti kutafuta maana. Mi nilifanya hivyo nikiwa mwaka wa tatu. Kwa CAT ya kwanza, ule mtihani mdogo wa katikati ya semesta, nikajaza kurasa nne za upweke wa binadamu na maisha yasiyo na maana, nikapata 11 kwa 30, na pale pembeni lekchara alikuwa ameandika swali moja tu: huyu mwanamke anatembea hatua ngapi?

Sikuwa najua. Jibu ni 9, na limeandikwa ukurasa wa kwanza kabisa wa Footfalls, tamthilia ya 1976, ila mi nilikuwa nimeruka maelekezo yote ya jukwaa nikakimbilia penye watu wanaongea. Hapo ndipo wengi wetu tunapoteza hizi tamthilia. Kwa Beckett wa miaka hiyo maelekezo ndiyo mchezo wenyewe, maneno yanakuja juu yake. Anakwambia May, huyo mwanamke, atembee kwa kipande kimoja cha sakafu, hatua 9, ageuke, hatua 9 tena, na mwanga uwe na nguvu chini miguuni, upungue mwilini, kichwani uwe hafifu kabisa. Na May mwenyewe anasema kutembea tu hakutoshi, lazima asikie miguu yake.

Basi siku moja stima ikapotea hosteli nzima, tukachukua chaki mimi na rumeti wangu tukachora mstari kwa korido kwa sababu chumba hakingetosha hatua 9, tukaweka simu sakafuni ikiwa imewasha tochi, yeye akakaa ndani ya chumba mlango ukiwa wazi kidogo akisoma maneno ya mama yake May, ambaye anasikika tu bila kuonekana, mimi nikatembea. Mara ya tatu nikigeuka niliangalia chini nikaona viatu vyangu viking'aa na mikono yangu siioni vizuri. Halafu kuna pale mwisho, taa inarudi na May hayuko, ni sakafu tupu tu. Nilitoka kwa mstari nikasimama kando nikautazama ule mwanga ukiwa umelala pale bila mtu, na nikanyamaza muda mrefu. Kurasa zangu nne hazikuwa na kitu kama hicho.

Kwa hivyo ushauri wangu wa kwanza ni huo, inuka. Beba saa, beba chaki. Kimya kikiandikwa, kaa kimya kweli, usikiruke kwa macho.

Wa pili ni soma kwa sauti, na ikiwezekana jaribu kutafsiri hata mistari kumi. Chukua Not I ya 1972. Jukwaa ni giza tupu, kinachoonekana ni kinywa cha mwanamke, karibu futi 8 juu, kinamwaga maneno kwa kasi, na upande mwingine kuna mtu amejifunika nguo ndefu, anasikiliza tu, na mara nne anainua mikono kidogo kwa huruma ya mtu asiyeweza kusaidia. Kinywa kinasimulia maisha ya mwanamke fulani, na kila kikikaribia kukubali kwamba ni yeye mwenyewe kinakataa: nani?.. hapana!.. yeye! Sasa kwa Kiswahili nafsi imebanwa pale mbele ya kitenzi, ni- ama a-, kwa hivyo kinywa chetu kingekuwa kinakimbia silabi moja. Jaribu uone. Ongea dakika tano mambo yako mwenyewe bila ni- hata moja. Mi niliongea kuhusu ule mwaka baba alifariki, alienda shule, alirudi, alikuta watu nyumbani, na nikafika mahali ulimi ukataka kusema nililia, nikauzuia, nikasema alilia. Tangu siku hiyo sijawahi kuuliza hiyo tamthilia inahusu nini.

Ile rekodi ya Billie Whitelaw ya BBC iangalie, lakini baada ya kusoma, kwa sababu kwenye skrini yule msikilizaji ameondolewa na unaweza kudhani hakuwahi kuwepo.

Rockaby, ya 1981, ni ya kiti cha kubembea kinachojiendesha chenyewe, mwanamke hakisukumi, anasikiliza sauti yake mwenyewe iliyorekodiwa, na mara nne anaomba iendelee, kila mara kwa sauti ya chini zaidi. Tulibishana sana na rumeti hilo neno lake moja la kuomba, More, tuliweke vipi kwa Kiswahili. ‘Zaidi’ ni la kamusi, ‘ongeza’ ni la chai. Tukachagua ‘tena’, vile mtoto anamwambia nyanyake hadithi ikiisha.

Wahakiki wasome, wako wazuri, lakini wiki ya pili. Na ukiandika insha shika kitu kimoja kidogo uende nacho hadi mwisho. Mi kwa CAT ya pili niliandika juu ya mwanga wa Footfalls peke yake. Mkitaka kuigiza mbele ya watu ombeni ruhusa mapema, wanaosimamia kazi zake wanataka maelekezo yafuatwe yalivyo.

Kama hujui uanzie wapi, anza na Come and Go, ya miaka ya 60, maneno ya kusema hayafiki hata 150. Tafuteni watu watatu na kofia tatu zinazoficha macho. Mmoja anatoka, wawili wanaobaki wananong'onezana habari yake, yeye hajui? Mungu asaidie asijue. Kisha anarudi, anatoka mwingine. Sisi tunaijua hiyo sauti, ni ile ya korido ya hospitali wakati familia imeamua mgonjwa asiambiwe. Fanyeni pole pole, msiongeze chochote. Mwishoni mshikane mikono vile imeandikwa, na anayeigiza Flo aseme anazihisi pete, na muangalie vidole vyenu vyote, hakuna aliyevaa pete.